"Umejuaje?": Kumfundisha Mtoto Kuelewa Anachokisoma

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za elimu za sharika na wageni kutoka sharika rafiki)



Kwa niaba ya ofisi ya miradi tunawashukuru kwa kufika. Tunajua wapo waliotembea tangu alfajiri, na wapo walioacha kazi za shamba. Taarifa ya fedha ya vikundi vya kusoma vya Jumamosi mnayo mikononi, kwa hiyo hatutaisoma hapa. Tumeomba nafasi hii tuzungumzie jambo moja tu. Watoto wetu wengi wanaosoma vizuri kwa sauti hawaelewi wanachokisoma. Jambo hilo lina dawa, na dawa yenyewe haihitaji fedha nyingi.

Kusoma kwa sauti na kuelewa

Kiswahili chetu kina neema kubwa: kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno litakalomshinda kulitamka. Mpe "dhamana", mpe "mrithi", mpe "marejesho", atayasoma yote bila kukwama. Watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza hawana bahati hiyo, maana huko herufi zinaandikwa hivi na kutamkwa vile.

Lakini neema hiyo ina mtego wake. Mgeni akiingia darasani na kumsikia mtoto akisoma ukurasa mzima bila kusita, ataondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Mzazi naye atafurahi. Hakuna aliyemwuliza mtoto maswali, basi hakuna anayejua kama ameelewa. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Mtoto wetu anaambiwa maana kila siku kwenye kitabu, nayo inampita.

Mwaka 2015 Serikali ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Tunashukuru kwa msingi huo. Vikundi vyetu vinampokea mtoto pale anapoanza kuyaunganisha maneno, ili tumsaidie kupiga hatua inayofuata.

Habari ya bibi na mahindi

Tuwape mfano. Katika kikundi kimoja mwalimu aliandika ubaoni habari hii fupi:

"Bibi alitoka nje, akatazama mlimani. Akawaita wajukuu wake kwa sauti, 'Anueni mahindi upesi!' Juma alileta gunia, Neema akaleta ungo. Kabla hawajamaliza, nguo zao zilikuwa zimelowa chapachapa. Bibi akacheka, akasema, 'Afadhali, migomba itashukuru.'"

Watoto waliisoma kwa zamu, na wote waliisoma vizuri. Mwalimu akauliza: Nani aliwaita wajukuu? Mikono yote juu. Juma alileta nini? Mikono yote juu. Kisha akauliza: Kwa nini bibi alitaka mahindi yaanuliwe upesi? Kimya. Mvulana mmoja alisogea ubaoni, akapitisha kidole kwenye mistari kutoka juu hadi chini, akarudia tena. Halafu akasema, "Mwalimu, haijaandikwa."

Ndugu wajumbe, mtoto yule alisema kweli. Tazameni tena habari hiyo. Neno "mvua" halimo. Alilitafuta kwa bidii, na hakuna mahali ambapo angelipata.

Sasa mfikirieni mtoto mwenyewe. Ni mtoto wa huku kwetu. Kila baada ya mavuno anaanika mahindi na kuyaanua. Wingu likijikusanya mlimani, yeye ndiye wa kwanza kutumwa. Habari za mahindi na mvua anazijua kuliko sisi wa ofisini. Ujuzi wote wa kujibu swali lile alikuwa nao, ila aliuacha mlangoni alipoingia darasani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kuingia nao.

Mwalimu hakumpa jibu. Aliuliza, "Nguo zao zililoweshwa na nini?" Mtoto mmoja akajibu, "Mvua." Mwalimu akamwuliza, "Umejuaje?" Mtoto akafikiri, akasema, "Zimelowa chapachapa, na bibi alitazama mlimani." Mwalimu akaendelea: Mahindi yale yalikuwa mabichi au makavu? Msichana mmoja akasema, "Yalikuwa yameanikwa yakauke. Mabichi ya kuchoma hayaanikwi." Swali la mwisho lilikuwa hili: Kwa nini bibi alicheka, na hali yeye na wajukuu wamelowa? Hapo watoto walibishana. Baadaye wakakubaliana kwamba jua lilikuwa limewaka siku nyingi na migomba ilikuwa na kiu. Hakuna hata moja ya habari hizo iliyoandikwa ubaoni.

Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kung'amua. Msomaji anachukua dokezo alilolikuta katika maandishi, analiunganisha na jambo analolijua mwenyewe, na kutoka hapo anapata jambo la tatu ambalo mwandishi hakulitamka. Waandishi wote wanaandika hivyo, kwa kuwa kitabu kinachotaja kila kitu kisingebebeka.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya shule, kamati ya usharika inahusikaje? Tutoe mifano miwili mnayoifahamu.

Wa kwanza ni mikopo, ile ambayo siku hizi watu wanaiita kausha damu. Karatasi inasema: mkopo wa shilingi 200,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, dhamana ni vyombo vya ndani. Kila neno hapo linasomeka. Jambo ambalo karatasi haisemi ni kwamba mama akilipa riba peke yake kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 240,000, na deni la 200,000 bado liko palepale. Haisemi pia kwamba siku akishindwa, kitanda na meza vitabebwa mbele ya majirani. Hayo inampasa ayang'amue mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Wa pili ni tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stendi: "Wanatakiwa mabinti wa miaka 16 hadi 20, kazi nzuri mjini, nauli na malazi bure, cheti si lazima, piga simu." Binti anayesoma maneno tu anaona kazi nzuri. Binti aliyezoea kung'amua anajiuliza: Kazi gani hii isiyotajwa jina? Kwa nini mabinti peke yao, tena wadogo? Mbona mwajiri hakuandika jina wala mahali alipo? Tangazo lile lile, wasomaji wawili, na maisha mawili tofauti.

Tukija shuleni, mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba unapima ufahamu. Na mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Huko atakutana na maneno mageni katika kila ukurasa. Aliyezoea kutumia maneno anayoyajua kukisia maana ya asiyoyajua atasonga mbele. Aliyezoea kutamka tu atakariri asichokielewa.

Si mbinu ngeni

Kuna wanaodhani mambo haya yametoka Ulaya. Tukumbuke wazee wetu walivyotufundisha jioni kando ya moto. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto alitakiwa afikirie: nyumba ina kitu ndani, imefungwa pande zote, haifunguki bila kuvunjwa. Yai! Kitendawili kina dokezo upande mmoja na ujuzi wa mtoto upande wa pili. Methali na mafumbo hufanya kazi hiyo hiyo. Watoto wetu walikuwa na chuo cha kung'amua kabla hatujajenga darasa hata moja.

Sisi Walutheri tuna kumbukumbu nyingine. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, kila baada ya kipengele inasimama na kuuliza maana yake. Watoto wa kipaimara wanalijua swali hilo. Tofauti ni kwamba katika katekisimu jibu limeandikwa chini yake, na mara nyingi mtoto analikariri. Katika vikundi vya kusoma tunauliza swali lisiloandikiwa jibu, kisha tunasubiri.

Watafiti nao wamelithibitisha. Mwaka 1988 Nicola Yuill na Jane Oakhill walichapisha matokeo ya kazi yao na watoto wa Uingereza waliosoma maneno vizuri lakini wakashindwa kuelewa habari. Waliofundishwa kung'amua na kujiuliza maswali waliendelea katika ufahamu kuliko waliozoezwa kusoma maneno kwa kasi. Kwa hiyo mtoto asiyeelewa tusikimbilie kumwita mjinga. Yawezekana hajaonyeshwa namna.

Walimu wetu wafanye nini

Tunajua mazingira yenu. Mwalimu wa kujitolea ana watoto wengi, kitabu kimoja na ubao uliochakaa. Mambo manne yafuatayo yanawezekana kwa chaki na mistari mitano ya habari.

Kwanza, apange maswali ya aina tatu. Aina ya kwanza, jibu limo katika sentensi moja: Juma alileta nini? Ya pili, jibu limetawanyika na mtoto anayakusanya maneno kutoka sehemu mbili au tatu. Ya tatu, nusu ya jibu iko ubaoni na nusu iko kichwani mwa mtoto. Watoto waambiwe waziwazi kwamba aina hizo zipo, ili wasipoteze muda kutafuta kwa kidole kitu ambacho hakikuandikwa.

Pili, awafundishe kuuliza "nani?" na "nini?" kila wanapokutana na kiambishi. Lugha yetu ina utajiri hapo. Sikilizeni: "Rehema aliweka kikapu na mtungi mezani. Paka aliruka. Ulivunjika." Kipi kilivunjika? Ni mtungi, na tumejua kwa herufi moja tu, ile "u" ya mwanzo. Kingekuwa kikapu tungesikia "kilivunjika". Lakini sikilizeni na hii: "Anna alimpa Esta kalamu kwa sababu yake ilikuwa imekwisha wino." Kalamu ya nani imekwisha wino? Hapa ngeli haitusaidii. Inatubidi tufikiri: mtu hupewa kalamu anapokuwa hana ya kuandikia, basi ni ya Esta. Dakika kumi za sentensi kama hizi kila Jumamosi zinamfanya mtoto awe macho.

Tatu, asimame katikati ya habari na kuuliza, "Mnafikiri nini kitafuata?" Watoto wabashiri, halafu waendelee kusoma waone. Aliyebashiri vingine asichekwe. Aulizwe ni neno gani lililompeleka huko, na ni neno gani sasa linamrudisha.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kila jibu lifuatiwe na swali: "Umejuaje?" Kung'amua na kubahatisha ni vitu viwili. Mtoto akisema bibi aliita kwa sababu mwizi anakuja, mwalimu asimkaripie. Amwulize ameliona wapi. Mtoto atatafuta, atakuta nguo zimelowa, naye ataliacha jibu lake bila kuaibishwa. Swali hilo aulizwe pia aliyepata jibu sahihi, ili wenzake wasikie njia aliyopitia. Tena mwalimu ajifunze kunyamaza akishauliza. Kimya kinatisha, na wengi wetu tunakimbilia kutoa jibu. Ahesabu moyoni hadi kumi kwanza.

Wazazi msijitoe. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza. Mtoto akirudi nyumbani amsimulie mzazi habari aliyoisoma, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na mzazi aulize: Ikawaje? Kwa nini alifanya hivyo? Umejuaje? Bibi aliyelea wajukuu kwa vitendawili ni mwalimu kamili wa somo hili.

Vitabu gani tununue

Hapa tunaomba kusema na wageni wetu kwa upendo. Mmekuwa mkitutumia vitabu vya watoto, na tunawashukuru. Hata hivyo, kung'amua kunahitaji ujuzi wa jambo linalosimuliwa. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli. Wanafunzi waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo ule waliikumbuka na kuieleza habari kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo.

Mtoto wetu akipewa hadithi ya watu wanaofukua theluji mlangoni, hana mahali pa kuanzia. Ataona ugumu, na atadhani ugumu uko kichwani mwake. Mpeni habari ya mnada wa ng'ombe, ya foleni ya maji, ya daladala iliyoharibika njiani, na mtamwona akibishana na kitabu. Baadaye, akishazoea, atasafiri hadi kwenye theluji, na tutafurahi afike huko.

Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, na umesaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini kutoa vitabu vya namna hiyo. Ombi letu ni kwamba fedha ambazo zingelipia kusafirisha boksi la vitabu kutoka ng'ambo zinunue vitabu vya Kiswahili hapa hapa. Watoto watapata vitabu wanavyovielewa, na mwandishi wetu atapata moyo wa kuandika kingine.

Taarifa za robo mwaka

Jambo la mwisho linahusu hesabu. Kuanzia robo hii fomu ya taarifa ya kila kikundi itakuwa na safu mbili. Ya kwanza: watoto wanaosoma habari fupi kwa sauti bila kukwama. Ya pili: watoto wanaojibu maswali ya kung'amua katika habari ambayo hawajawahi kuiona, na kueleza wamejuaje. Habari iwe mpya, kwa sababu iliyozoeleka mtoto ameikariri.

Tuseme ukweli mapema. Safu ya pili itakuwa na namba ndogo kuliko ya kwanza. Katika baadhi ya vikundi itakuwa ndogo sana. Kamati, msishawishike kuipamba namba hiyo ili usharika wenu uonekane mzuri kuliko jirani. Wageni wetu, mtakapoiona msidhani kwamba fedha zimepotea au walimu wamelala. Namba hiyo ndiyo inayotuonyesha kazi ilipo. Mgonjwa anayeficha joto la mwili humnyima mganga nafasi ya kumtibu.

Tunaiomba basi kila kamati mambo matatu. Chagueni walimu wawili wa kujitolea kwa kila kikundi waje kwenye mafunzo, ili mmoja akiugua kikundi kisife. Tengeni fungu katika bajeti ya usharika kwa ajili ya vitabu vya Kiswahili, hata kama ni vichache kwa mwaka. Na mjumbe mmoja wa kamati akae na watoto katika kikundi angalau mara moja kwa robo, asikilize maswali yanayoulizwa, si usomaji peke yake. Akisikia maswali yote yana majibu yaliyoandikwa ubaoni, azungumze na mwalimu kwa upole baada ya kipindi.

Walimu wa kujitolea, ninyi hampokei mshahara, na Jumamosi zenu mmezitoa. Tunawashukuru mbele ya kusanyiko hili. Wafadhili na sharika rafiki, tunawashukuru kwa kutuvumilia tunapowaletea namba zisizopendeza. Wazazi, watoto wenu wakianza kuwauliza "Baba, umejuaje?" msiwaone watovu wa adabu. Wajibuni, maana ndilo somo lenyewe.